Hasadi au Vumbi? Maneno Machache Juu ya Joto la Kompyuta Nyumbani



Wiki hii naomba ruhusa kwa wasomaji wetu, khasa akina mama wenye nyumba, niandike juu ya jambo ambalo huenda wengi hawakulitarajia kutoka kwa mtu aliyekulia chuoni, akaandika alifu yake ya kwanza juu ya ubao. Jambo lenyewe ni joto la kompyuta. Sababu ya kuliandika ni kwamba katika kaskazi iliyopita joto hilo lilikaribia kuvunja ujirani wa miaka 19, nami niliyaona kwa macho yangu.

Wala wasomaji wasione ajabu kwa sheikh kuzungumzia mashine. Hesabu zinazoiendesha kompyuta hazikuanza jana. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad katika karne ya 9, ndiye ambaye jina lake limezaa neno algoriti, yaani ule mpangilio wa hatua ambao mashine huufuata moja baada ya nyingine mpaka ifikie jawabu. Na leo chombo hiki kimeingia majumbani mwetu kama ilivyoingia cherehani zamani za bibi zetu. Binti hupatia riziki humo bila kutoka mlangoni, watoto huandikia kazi za shule, na akina mama huwekea hesabu za chama. Kilichoingia nyumbani kina haki ya kujuliwa, kama tujuavyo jiko na jokofu.

Nyumba ninayoieleza sitaitaja mtaa wala jina, kwani siri za watu ni amana. Mama wa nyumba hiyo ni mjane. Binti yake mkubwa hutengeneza kadi za arusi, na huunganisha picha za video za arusi na maulidi kwa malipo. Kompyuta waliinunua kwa shilingi 32,000, fedha za zamu ya mama katika mchezo wao wa mtaani. Ilikuwa imetumika kabla, lakini ilikuwa safi kwa kuitazama. Waliiweka pembeni mwa ukumbi, ndani ya kabati la mbao lenye mlango, ili vumbi na watoto wasiifikie. Na juu yake mama akatandika kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa sindano, maua meupe pembezoni, kama ilivyo ada yetu kwa kila kitu cha thamani: redio, televisheni, hata mtungi.

Siku ile ilipoletwa, jirani wa mlango wa pili alisimama akaitazama, akasema, "Hii ni mali kubwa, sasa mtatusahau." Alisema kwa mzaha, na wote wakacheka. Hawa ni watu waliozikana, wakauguzana, na katika Ramadhani sahani zao hupishana njiani kabla ya adhana ya Magharibi.

Kompyuta ilifanya kazi vyema tangu mwezi wa Agosti mpaka Disemba. Ilipofika Januari, ikaanza kuzimika. Haikuwa asubuhi wala usiku, ilikuwa aghlabu baina ya saa nane na saa kumi za mchana. Wakati huo ndio jirani alipozoea kuja, akisha kusali Adhuhuri na kuwalaza wajukuu wake, akaketi ukumbini wakazungumza. Mara ya kwanza mashine ilizimika yeye akiwa ameketi kiti cha karibu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu binti alikuwa amekaa saa tatu akiunganisha video ya arusi iliyokuwa ichukuliwe kesho yake, na kazi yote ikapotea. Mwenye arusi akadai arubuni yake irudishwe, na ikarudishwa, ilhali fedha hizo zilikuwa zimekwisha tengwa kwa karo ya mdogo wake.

Hapo ndipo neno lilipozaliwa. Sijui lilianza kwa nani, kwani maneno ya namna hii hayana mama. Lakini lile la mzaha la siku ya kwanza lilikumbukwa, na likapewa maana nyingine. Jirani alikuwa ameleta viazi karai kwa sahani yake ya maua. Sahani ile ikaoshwa ikawekwa kabatini, wala haikurudi. Nanyi mwajua katika pwani yetu sahani ya jirani hairudi tupu, na isiporudi kabisa, hiyo ni barua isiyohitaji kusomwa. Kwa wiki tano jirani hakuja tena, wala hakuulizwa.

Nikaitwa nisome. Nilikwenda, nikasoma, nikaomba dua, kwani hasadi ipo na kinga yake ipo, na hilo halina mjadala kwetu. Kisha nikamwambia mama, "Bibi, dhana mbaya nayo imekatazwa, na mtu hahukumiwi bila ushahidi. Niruhusu niutafute ushahidi." Nilipouweka mkono wangu juu ya kile kitambaa cheupe, nilihisi joto kama la kifuniko cha sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Basi nikaomba idhini nimlete mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye amesomea mambo ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Pwani, pale Kilifi.

Kabla ya kueleza alichokifanya, yafaa tujue joto hilo hutoka wapi. Ndani ya kompyuta kuna kipande kidogo cha silikoni kiitwacho prosesa, na hicho ndicho kinachofanya hesabu zote. Kina transista kwa mamilioni, na siku hizi kwa mabilioni, zinazofunguka na kufungika mara nyingi mno katika sekunde moja. Umeme unapopita katika kitu chochote chenye ukinzani huzaa joto. Mwingereza James Prescott Joule aliiandika kanuni hiyo mwaka 1841. Pasi yetu ya nguo hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Tofauti ni kwamba katika pasi joto ndilo tulitakalo, na katika prosesa joto ni taka, kama moshi wa jiko la kuni. Moshi usipopata pa kutokea, mpishi hukimbia.

Akina mama watanielewa nikilinganisha hivi. Chukua pasi ya wati 1,000 yenye uso wa sentimita za mraba 200 hivi. Kila sentimita ya mraba hubeba wati 5. Sasa chukua prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani, inayotumia wati 65 inapofanya kazi kwa nguvu, na kipande chake cha silikoni hakizidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, tuseme sentimita ya mraba moja na nusu. Hapo kila sentimita hubeba wati zaidi ya 40. Yaani mahali padogo hapo pana moto mara nane ya uso wa pasi, na lau usingeondolewa papo hapo, prosesa isingedumu.

Kwa ajili hiyo watengenezaji wameipandikizia kipande cha aluminiamu au shaba chenye mapezi mengi membamba, na juu yake panka dogo la kupuliza. Joto huhama kutoka silikoni kwenda kwenye chuma, kutoka chuma kwenda kwenye mapezi, na kutoka mapezi kwenda hewani. Baina ya prosesa na chuma hupakwa dawa nzito kama zinki ya upele, mafundi huiita pesti, kwa kuwa nyuso mbili za chuma, hata zikiwa laini machoni, zina mashimo madogo yanayoshika hewa, na hewa ni mpitishaji mbaya wa joto. Pesti huyaziba mashimo hayo.

Katika kompyuta nyingi, khasa zile za kupakata, kuna pia kibomba cha shaba kilichozibwa pande zote, ndani yake mna kimiminiko kidogo. Upande wa prosesa kimiminiko hicho hugeuka mvuke na kuchukua joto. Upande wa pili hupoa, kikarudi kuwa maji, kikasafiri tena. Nilipoelezwa hayo nilitabasamu, kwani ndiyo hikima ya mtungi wetu. Mtungi hupoza maji kwa kuwa maji kidogo hupenya udongo na kukauka nje, na kila yanapokauka huondoka na joto. Mfinyanzi wa pwani hakusoma kanuni hiyo kwenye kitabu, lakini aliijua kwa mkono.

Sasa prosesa ikizidiwa hufanyaje? Za zamani ziliweza kuungua mara moja. Tangu mwaka 2000, ilipotoka Pentium 4 ya kampuni ya Intel, prosesa nyingi zimetiwa kinga ya kujipunguza mwendo. Ikifika ukomo wake, ambao kwa nyingi huwa karibu na nyuzi 100 za Selsiasi, hupunguza kasi ili ipoe. Mtumiaji huona kompyuta imekuwa nzito, akailaumu intaneti. Joto likiendelea kupanda juu ya hapo, mashine hujizima yenyewe ili isife. Kule kuzimika basi ni kujiokoa, kama mtu anayezirai kwa jua kali mwili wake ukamlazimisha kulala.

Narudi kwa mpwa wangu. Alikuja siku ya Jumatatu, wakati jirani yuko Mombasa kwa mwanawe, nami nililitaka hilo liwe hivyo. Akaomba kwanza binti ahifadhi kazi zake zote kwenye chombo kingine. Kisha akaweka kipimajoto cha ukutani: ukumbi ulikuwa nyuzi 32. Akafungua programu ndogo ya bure inayosoma joto la prosesa, ziko nyingi, mfano wake Core Temp na HWMonitor. Kompyuta ikiwa haifanyi lolote, ilisoma nyuzi 61. Akakunja uso. "Mjomba," akasema, "hii imeketi tu, haijaanza kutembea, na tayari inatokwa na jasho."

Baadaye akaibebesha mzigo. Huu ndio mtihani wenyewe: kuipa prosesa kazi ngumu kupita ile ya kila siku, makusudi, ukiwa umekaa mbele yake, ili udhaifu wake udhihirike wakati ambapo hakuna cha kupotea. Fundi mshoni huuvuta mshono kabla ya kumkabidhi mwenye nguo. Ukipasuka, bora upasukie mikononi mwake kuliko kwenye arusi.

Programu aliyoitumia yaitwa Prime95, na asili yake ni ya kupendeza. Mwaka 1996 Mmarekani George Woltman alianzisha mradi wa kuwakusanya watu wa nchi mbalimbali, kila mmoja kwa kompyuta yake, watafute namba tasa kubwa za aina iliyopewa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa wa karne ya 17. Namba tasa ni ile isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe, kama 7 au 31. Oktoba 2024 mradi huo ulitangaza namba yenye tarakimu 41,024,320. Mtu akitaka kuiandika kwa mkono, tarakimu moja kila sekunde bila kulala, atachukua zaidi ya mwaka mmoja na robo. Hesabu hizi huichosha prosesa kuliko kitu chochote cha nyumbani. Kwa kuwa programu huyalinganisha majibu yake na yale yajulikanayo, prosesa ikikosea kwa sababu ya joto au ubovu, husimama na kutoa habari. Ndiyo maana watu wa kompyuta wakaifanya kuwa mtihani.

Tukakaa mbele ya ile mashine, mimi, mpwa wangu, mama na binti yake, kama watu wanaomwangalia mgonjwa akipimwa homa. Dakika ya kwanza nyuzi 84. Dakika ya tatu 93. Dakika ya tano ikagonga 100, na papo hapo kasi yake ikaanguka. Dakika ya tisa ikazimika. Ukumbi ukawa kimya. Hapakuwa na jirani kitini, wala kitandani, wala mtaani.

Mama aliinama, akakishika kile kitambaa chake, hakusema neno.

Ikipoa, mpwa wangu akachomoa waya ukutani, akagusa chuma kwanza ili umeme wa mwilini usiidhuru mashine, akafungua ubavu. Baina ya mapezi ya aluminiamu palikuwa na vumbi lililogandamana kama kipande cha blanketi, limechanganyika na nywele za paka, hewa isiweze kupita hata kidogo. Akalisafisha kwa brashi laini ya kupakia rangi, huku amelishika panka kwa kidole lisizunguke ovyo likaharibika. Akalitoa lile panka na chuma chake: pesti ya zamani ilikuwa imekauka mpaka ikawa kama chokaa ya ukutani. Akaifuta kwa spiriti, akatia mpya, kiasi cha punje moja ya mbaazi. Kichupa chake tulikinunua shilingi 350. Mwisho akaitoa mashine kabatini, akaiweka juu ya meza, shubiri moja mbali na ukuta.

Tukarudia mtihani, saa hiyohiyo ya mchana, ukumbi uleule wa nyuzi 32. Ikiwa imetulia, nyuzi 45. Chini ya mzigo, nusu saa nzima, haikupita 79, wala haikuzimika.

Basi ikabaki swali moja, nalo ndilo lililokuwa moyoni mwa mama: mbona ilizimika kila jirani alipokuja? Jawabu ni kwamba mambo matatu yalikutana saa moja. Saa nane hadi saa kumi ndipo jua la kaskazi linapokuwa limekwisha kulipasha paa la mabati na kuta. Saa hizo ndipo binti, akisha kupika na kuosha vyombo, alipokaa kufanya kazi nzito ya video, na kazi ya kuunganisha video huichosha prosesa karibu kama ule mtihani. Na saa hizo ndizo ambazo mwanamke wa pwani humaliza shughuli zake akapata nafasi ya kwenda kuamkiana na jirani. Jirani hakuleta joto, alilikuta. Na kwa nini tangu Agosti mpaka Disemba hapakuwa na tatizo? Kwa sababu ulikuwa wakati wa kusi na wa matlai, vumbi halijajaa, na ukumbi ulikuwa na nyuzi 26 au 27. Joto la chumba likiongezeka kwa nyuzi 6, joto la prosesa nalo huongezeka kwa kadiri hiyohiyo.

Hili ni jambo tunalopaswa kulishika sana sisi watu wa Malindi, Watamu, Mambrui na Kilifi. Maelekezo mengi ya mashine hizi huandikwa na watu wanaokaa katika vyumba vya nyuzi 20. Hata ndugu zetu wa Maskati na Dubai, ambako jua huzidi la kwetu kwa mbali, kompyuta zao hukaa ndani ya vyumba vilivyopozwa. Zetu hukaa ukumbini, dirisha wazi, na chumvi ya bahari hewani. Mashine iliyofaulu Nairobi huenda isifaulu hapa, kwani imeanza safari ikiwa nyuzi 10 nyuma yetu.

Na wazee wetu walilijua suala la joto. Nenda Gedi, mji wa mawe ulioko msituni karibu na Watamu, ambao mwaka 2024 uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Tazama kuta zake nene za matumbawe na viwanda vya wazi mbele ya nyumba. Nyumba ya mawe ya Mswahili haipozwi kwa umeme. Ukuta mnene huchelewesha jua, na kiwanda cha wazi hutoa njia: hewa ina pa kuingia na pa kutokea. Kabati lililofungwa halina mlango wa pili. Anayeifungia kompyuta humo, hata kwa nia ya kuihifadhi, ameijengea nyumba isiyo na dirisha.

Na si Gedi peke yake. Pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kwenye majukwaa ya San Marco yaliyosimama baharini, tarehe 12 Disemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kilirushwa chombo cha angani kilichopewa jina la Kiswahili, Uhuru. Kilikuwa cha kwanza kupelekwa juu mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyotani. Aliyekuwa msimamizi wa mradi huo upande wa Marekani alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend. Vyombo vya namna hiyo, kabla ya kurushwa, hutiwa ndani ya chumba kisicho na hewa, vikapashwa joto na kupozwa tena na tena, kwani huko juu hakuna upepo wa kuondoa joto wala fundi wa kupanda kwenda kutengeneza. Anayejaribu kabla ya safari hafanyi wasiwasi, anatimiza amana.

Nasaha zangu basi kwa wenye nyumba ni hizi.

Kwanza, kompyuta ipewe hewa. Msiitie kabatini, msiifunike ikiwa imewashwa, na msiisukumie ukutani. Kitambaa cha kufuma kitandikwe ikiwa imezimwa na imepoa. Ile ya kupakata isiwekwe juu ya godoro, mto wala busati, kwani matundu yake ya hewa aghlabu yako chini. Sinia lililogeuzwa au kipande cha ubao chatosha.

Pili, isafishwe vumbi kila baada ya miezi mitatu hivi, na khasa kabla ya kaskazi kuingia. Izimwe, ichomolewe waya, na itumike brashi kavu. Kitambaa cha maji kisiikaribie ndani. Wala msiiweke barafu au maji baridi karibu mkidhani mnaipoza. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na unyevu huo hugeuka matone juu ya kitu cha baridi, na matone ndani ya mashine ni maafa.

Tatu, mpime. Muijue nyuzi zake ikiwa imetulia na ikiwa na kazi, mziandike pamoja na tarehe na joto la chumba, kama mama aandikavyo uzito wa mtoto kwenye kadi ya zahanati. Ikiwa chini ya mzigo haipiti nyuzi 85, lala salama. Ikigusa 95, usimamishe mtihani na utafute sababu. Mtihani usifanywe na mtoto peke yake, wala mashine isiachwe ikijaribiwa watu wamelala.

Nne, kwa anayenunua kompyuta iliyokwisha tumika, amwombe muuzaji robo saa. Aiwashe, aibebeshe mzigo, atazame nyuzi, asikilize panka. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Anayekataa amekwisha kukujibu.

Tano, kazi nzito ya video au ya hesabu ndefu, ikiwezekana, ifanywe baada ya Alfajiri au baada ya Isha, na kazi ihifadhiwe kila baada ya muda mfupi, mahali pawili.

Ama habari ya wale majirani, mama hakunitaka nimpelekee salamu. Alikaa siku mbili, kisha akapika mkate wa sinia, akaukata, akaupanga kwenye ile sahani ya maua, akaupeleka mwenyewe saa tisa mchana, jua kali. Binti yake ndiye aliyenisimulia yaliyobaki. Jirani alifungua mlango, akaitazama sahani yake kwa muda, akasema, "Nilidhani mmenichoka." Mama akamwambia, "La, tulishikwa na joto." Hakuongeza, wala jirani hakuuliza. Mpaka leo sidhani kama ajua kilichosemwa juu yake, nami naona aula asijue.

Nimefikiri mara nyingi jinsi wiki tano za kununiana zilivyotegemea vumbi la kujaa kiganja na dawa ya shilingi 350. Ni wangapi baina yetu ambao sahani za majirani ziko makabatini mwao kwa sababu ya jambo ambalo hakuna aliyelipima? Hasadi ikishukiwa, tusome na tuombe, hilo tuliendeleze. Lakini tukimaliza kusoma, tuitazame na mashine, tuulize saa, tuulize jua liko wapi, na tufungue ubavu tuone ndani mna nini, kabla ya kumtaja mtu.

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuona yaliyo dhahiri, azipoze nyumba zetu, na azidumishe sahani zetu zikipishana njiani.

Wabillahi tawfiq.